Dizeli ya zamani inayogoma asubuhi ya baridi: tafuta kosa kabla hujafungua pampu

Hilux yangu ya dizeli, yenye injini ya Toyota iitwayo 3L, niliinunua Dar es Salaam mwezi Machi. Muuzaji aligusa ufunguo tu, ikanguruma. Nikaipandisha Njombe, na mpaka Mei hatukuwa na neno. Juni ilipoingia ndipo tukajuana. Saa kumi na mbili asubuhi, viazi vimepakiwa tangu jana, vijana wanapulizia viganja, mimi napiga stata: injini inazunguka, inazunguka, moshi mweupe unafuka nyuma kama wa kuni mbichi, halafu kimya. Mara ya nne au ya tano gari linashika kwa silinda mbili, linatetemeka kama lina homa, kisha taratibu linakaa sawa. Baada ya hapo siku nzima halina shida. Ulizime sokoni saa zima, ukirudi linawaka kwa mguso mmoja.

Fundi wa kwanza niliyemwita alisikiliza maelezo yangu akiwa ameegemea mlango. "Pampu hiyo, kaka. Tuishushe." Hakufungua hata boneti. Ningemfuata ningelipa pesa ya magunia mengi ya viazi, na kesho yake gari lingegoma vilevile, maana kosa lilikuwa hita mbili zilizokufa (vijiti vya umeme vinavyopasha silinda moto kabla ya kuwasha) na mpira wa mafuta wenye ufa usioonekana kwa macho.

Nayaandika haya kwa mwenye Hilux, Mkonga (Land Cruiser ya zamani), Prado ya zamani au gari lolote la dizeli lenye pampu ya kawaida isiyoongozwa na kompyuta, anayeishi kwenye baridi: Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya, Lushoto, na kwa majirani zetu Limuru au Kinangop. Gari la kisasa lenye sensa kila kona lina mambo yake mengine.

Baridi inafanya nini hasa

Dizeli haina plagi za cheche. Pistoni inaikandamiza hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto, nozeli inanyunyiza mafuta humo, nayo yanalipuka. Kwenye 3L hewa hubanwa kama mara 22. Asubuhi hedi (kichwa cha injini) na silinda vimepoa, kwa hiyo joto linalozalishwa linanyonywa na chuma kabla mafuta hayajafika. Oili nayo imekuwa nzito na betri imelegea, hivyo injini inazunguka polepole. Hewa inapobanwa polepole hupata nafasi ya kuvuja kwenye ringi na nafasi ya kupoa. Hita plagi ziliwekwa kuziba pengo hilo.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa nyanda za juu hulisahau. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu moja ya tano. Injini inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, inapata joto kidogo. Kwa hiyo gari lililokuwa linawaka Kariakoo na hita zote zimekufa, huku linaumbuka. Ugonjwa lilikuja nao.

Asubuhi moja, jaribio moja

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilipoteza wiki nzima kwa kosa hili. Gari linagoma mara moja tu kwa siku. Likishawaka, hata kwa dakika tatu, hedi imepata joto na kosa limejificha mpaka kesho. Ukibusti betri, ukapampu mafuta na ukawasha hita mara tatu kwa wakati mmoja, gari litawaka na hutajua ni kipi kilichosaidia. Fundi akija saa nne, jua limetoka, analipiga stata, linawaka, anaanza kubahatisha kwa pesa yako.

Kwa hiyo chukua daftari, au andika kwenye simu, na upange asubuhi zako hivi.

Asubuhi ya kwanza usisaidie kitu. Washa kama kawaida, na umweke mtu nyuma aangalie bomba la moshi. Andika mambo mawili tu: injini ilizunguka kwa kasi gani, na moshi ulikuwa wa rangi gani wakati stata inapigwa, kabla gari halijawaka.

Asubuhi ya pili, washa hita mara tatu. Geuza ufunguo mpaka taa ya njano yenye umbo la koili izime, zima swichi, rudia, rudia tena, ndipo upige stata. Likiwaka vizuri kuliko jana, anzia kwenye hita.

Asubuhi ya tatu, usirudie hita. Fungua boneti kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini, inazama bila kupinga, endelea kuibonyeza mpaka iwe ngumu, kisha washa kama kawaida. Likiwaka mara moja, mafuta yanarudi tenkini usiku na mfumo unavuta upepo.

Asubuhi ya nne, lete betri nzima ya gari jingine la umeme uleule, ubusti kwa nyaya nene. Likiwaka kwa urahisi, umeme ndio wa kushughulikia. Angalia kwanza gari lako ni la volti ngapi, maana Land Cruiser zenye injini ya 1HZ zipo za volti 12 na zipo za volti 24.

Siku nne, shilingi sifuri. Na kila asubuhi ukishamaliza jaribio la siku hiyo, ruksa kufanya lolote ili uwahi kazini.

Soma moshi na mlio

Injini inazunguka kwa uzito, "uuh... uuh... uuh": betri, nyaya, stata au oili. Usiguse hita wala nozeli kabla hujamaliza hapo.

Inazunguka kwa kasi nzuri, moshi mweupe mwingi: mafuta yanafika, hayaungui. Hakuna joto. Hita kwanza, halafu ubanaji wa silinda, halafu taiming, yaani wakati mafuta yanaponyunyizwa. Moshi huo unachoma macho na unanuka dizeli mbichi. Ukinuka utamu-utamu, na maji ya rejeta yanapungua kila wiki bila kuvuja chini, fikiria gasketi ya hedi: maji yanaingia silindani usiku.

Inazunguka kwa kasi, hakuna moshi kabisa: mafuta hayafiki. Upepo kwenye mfumo, filta, au solenoidi ya kukata mafuta, yaani valvu ya umeme inayofungulia mafuta kwenye pampu.

Moshi mweusi wakati wa kuwasha hauonekani sana. Ukiuona, chungulia filta ya hewa. Huku kwetu kiangazi cha vumbi hakijali umeisafisha lini.

Na swali moja la kumnyamazisha mtu wa "tushushe pampu": gari linagoma likiwa la moto? Pampu iliyochoka ndani kwa kawaida husumbua injini ikiwa imeshapata moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inapenya kwenye sehemu zilizolika badala ya kusukumwa nozelini. Gari linalogoma likiwa baridi tu na kuwaka vizuri likiwa la moto, pampu yake iwe ya mwisho kwenye orodha ya washukiwa.

Betri, nyaya na stata

Pima betri asubuhi kabla ya kugusa chochote, gari likiwa limelala usiku mzima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 inavumilika. 12.2 iko nusu, na nusu ya betri kwenye baridi ya Makete haitoshi dizeli. Kwenye nyuzi sifuri betri hupoteza kama theluthi ya nguvu zake hata ikiwa nzima.

Halafu pima wakati stata inapigwa. Isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikianguka hadi 8, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Na usome kilichoandikwa juu ya betri: nimekuta Hilux za dizeli zimefungwa betri ndogo ya N50 kwa sababu ni rahisi kuliko N70. Kiangazi linawaka, mwenye gari anajisifu kuokoa pesa.

Betri ikiwa nzima na injini bado inazunguka kwa kinyongo, angalia njia ya umeme. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri (risasi, si klempu), ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mwambie mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa hasi umeoza au umefungwa juu ya rangi na kutu. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti nene ya stata. Kipimo hiki ni cha dakika mbili, na mafundi wengi hawakifanyi. Wanakunja uso, wanakwambia ununue stata.

Ili gari lisiwake katikati ya kipimo, chomoa kwanza waya wa solenoidi ya kukata mafuta pale kwenye pampu.

Stata ikigonga "ka!" moja halafu kimya, ukirudia mara tatu inazunguka vizuri, usiinunue nyingine. Ndani ya solenoidi yake kuna vipande viwili vya shaba vinavyolika kwa miaka. Fundi umeme anavibadilisha kwa bei ya vocha, na stata inarudi kuwa ya ujana.

Oili sitaipigia kelele sana. Kama unatumia 20W-50 kwa mazoea ya pwani, jaribu 15W-40 kwenye sevisi ijayo. Utaisikia tofauti kwenye sikio kabla ya kuiona kwenye mita.

Hita plagi, ambako muda wako unastahili kwenda

Jambo la kwanza la kujua: kwenye magari mengi ya zamani ile taa ya njano kwenye dashibodi ni saa tu. Inahesabu sekunde na kuzima. Haijui kama hita zinawaka. Hita zote nne zinaweza kuwa maiti na taa ikaendelea kukupa moyo kila asubuhi.

Fungua boneti, tafuta hita. Kwenye injini za Toyota za 2L, 3L na 5L zimejipanga ubavuni mwa hedi, na kipande chembamba cha chuma kinaziunganisha vichwani kwa nati ndogo. Weka ncha chanya ya mita kwenye kipande hicho, hasi kwenye injini, na mtu ageuze ufunguo bila kupiga stata. Injini ikiwa baridi unapaswa kuona volti zikija papo hapo, karibu na za betri. Usipoona kitu, tatizo liko nyuma: fyuzi nene, relei ya hita, au kile kiboksi cha kuhesabu muda. Sikiliza relei, inapaswa kugonga kwa sauti unayoisikia.

Volti zipo? Sasa pima hita yenyewe. Lazima uondoe kile kipande cha kuunganisha, la sivyo mita itasoma hita zote kwa pamoja na moja nzima itazificha tatu mbovu. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye kichwa cha hita, nyingine kwenye injini. Hita nzima husoma kidogo sana, chini ya omu 2. Iliyokufa haisomi kitu, waya wake wa ndani umekatika.

Huna mita? Chukua balbu ya indiketa yenye waya mbili. Waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine ugusishe kwenye kichwa cha kila hita iliyotenganishwa. Hita nzima inaiwasha balbu. Hita iliyokufa haiwashi. Kipimo hicho hakikwambii kama hita inapata joto sawasawa, ila maiti hawezi kujificha.

Dalili zinaendana na idadi. Hita moja ikifa, gari linawaka lakini kwa misi (silinda moja hailipui) na moshi mweupe kwa nusu dakika. Mbili, unahangaika, kama mimi. Tatu, utawaita vijana wasukume.

Kuzitoa ndiko kunakotaka ustaarabu. Usizifungue injini ikiwa baridi. Liwashe gari mpaka lipate moto kiasi, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mizizi ya hita, subiri, kisha fungua kwa soketi kidogo kidogo: legeza robo, kaza kidogo, legeza tena. Hita ikikatikia ndani ya hedi, kazi ya nusu saa imegeuka kuwa kazi ya kushusha hedi. Wakati wa kurudisha, zungusha kwa vidole mpaka mwisho, halafu kaza kwa mkono mwepesi. Si boliti ya gurudumu.

Ikishatoka, itazame ncha. Ikiwa imevimba, imeungua upande mmoja au imeyeyuka, usifunge mpya na kushangilia. Nozeli ya silinda hiyo huenda inadondosha mafuta badala ya kunyunyiza, na itaiua hita mpya vilevile.

Unaponunua, nenda na ya zamani mkononi na usome volti zilizoandikwa ubavuni. Kuna hita za volti 12 na kuna za volti 6 zinazofanya kazi na mfumo unaopunguza umeme. Kufunga ya 6 pasipo pake ni kuichoma siku ya kwanza. Hita za bandia zimejaa madukani, na nyingine zinavimba ndani ya hedi zisitoke tena. Kabla ya kufunga ijaribu dukani: ishike kwa koleo, mwili wake uguse hasi ya betri, chanya iguse kichwa kwa sekunde chache. Ncha inapaswa kuwa nyekundu kuanzia mwisho wake. Inayoanza kuwa nyekundu katikati au inayochelewa kuliko wenzake, irudishe. Na ununue zote nne. Hita huzeeka pamoja.

Wengi wameshaachana na kiboksi cha muda na kufungiwa swichi ya kubonyeza kwa kidole. Sina ugomvi na swichi hiyo, ila ipitie kwenye relei na waya mnene. Hita nne kwa pamoja zinaweza kuvuta zaidi ya ampia 40 mwanzoni, na waya wa redio hauwezi mzigo huo. Sekunde 10 hadi 15 zinatosha. Anayebonyeza huku anasalimiana na jirani atanunua hita kila mwezi.

Upepo kwenye mafuta

Uwanja wangu nyumbani una mteremko. Nikiegesha pua ikiangalia juu, asubuhi gari linasumbua. Nikiligeuza, linasumbua kidogo tu. Nilikaa na habari hiyo wiki mbili bila kuielewa. Ufa kwenye mpira wa mafuta unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba dizeli haivuji nje, lakini hewa inaingia, na usiku kucha mafuta yanateremka polepole kurudi tenkini. Asubuhi pampu inaanza kwa kunyonya upepo.

Jaribio la bure ulishalifanya asubuhi ya tatu. La kuthibitisha ni hili: nunua nusu mita ya mpira unaoonesha ndani, unaohimili dizeli, uufunge kati ya filta na pampu badala ya mpira wa kawaida. Jioni unajaa dizeli. Asubuhi, kabla ya kuwasha, utazame. Ukiwa na mapovu makubwa au nusu tupu, umeshapata jibu.

Ukitaka uhakika zaidi, chukua chupa safi yenye dizeli safi, ining'inize juu kuliko pampu, uilishe pampu moja kwa moja kwa mpira. Gari likiwaka vizuri asubuhi, kosa liko kati ya tenki na hapo. Kisha fuata njia: klempu zilizolegea, mipira iliyokauka (ikunje, nyufa zitajitokeza), bomba la chuma chini ya bodi lililoliwa na kutu, sili ya filta iliyokaa upande, na pampu ya mkono yenyewe. Ngozi ya ndani ya pampu ya mkono huchoka. Ukiona unyevu wa dizeli kuizunguka, ndiyo. Mipira midogo ya mafuta yanayorudi kutoka nozelini ni ya bei ndogo, badilisha yote bila kujiuliza.

Ukiwa hapo chini, legeza koki ya filta umwage kidogo kwenye chupa ya kioo. Maji hukaa chini ya dizeli na mpaka wake unaonekana wazi. Ukinusa harufu ya mafuta ya taa, badilisha kituo. Serikali haikuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta bila sababu, na dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa inailainisha pampu vibaya, kwa hiyo inaila.

Bado hakuna moshi? Geuza ufunguo bila kupiga stata na usikilize solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu: inapaswa kugonga "tik". Kimya, pima volti kwenye waya wake. Umeme upo na haigongi, imekufa.

Kuangalia kama mafuta yanafika nozelini, legeza nati ya bomba moja upande wa nozeli, piga stata, dizeli itarukaruka. Uso uwe mbali na mkono usikaribie. Presha hapo inapita bar 100 na inaweza kupenyeza dizeli chini ya ngozi. Tundu litaonekana dogo kama la sindano na pengine halitauma, lakini ni la kwenda hospitali saa ileile, si la kufunga kitambaa.

Ubanaji, taiming na nozeli

Hapa unaingia kwenye kazi ya fundi, ila uende ukijua unachokitaka.

Dalili ya nyumbani ya silinda zilizochoka: injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na ya moto, fungua kifuniko cha oili ukiache juu ya tundu. Kikicheza na kurukaruka huku moshi ukipuma, ringi zinavujisha. Kipimo chenyewe hufanywa kupitia tundu la hita, kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haiwezi presha hiyo. Waya wa solenoidi uchomolewe, betri iwe imejaa, hita zote ziwe nje. Kwenye 2L na 3L injini yenye afya hutoa psi 400 na zaidi. Ikikaribia 280 imefika mwisho, na silinda zisitofautiane zaidi ya psi 70 hivi. Kabla ya kukubali ovahoo (kufungua injini yote na kuifanya upya), mwulize fundi kama amepima mwanya wa valvu. Valvu iliyobanwa sana haikai vizuri kwenye kiti chake, nayo inavujisha presha kama ringi mbovu.

Taiming: kama shida ilianza mara tu baada ya kubadilishiwa mkanda wa taiming, huenda mkanda umefungwa ukiwa umeruka jino. Kabla ya uchunguzi mwingine, rudi kwa aliyeufunga. Na kwenye pampu nyingi za Toyota kuna kifaa chenye nta kinachopitiwa na maji ya rejeta. Asubuhi kinawahisha mafuta na kupandisha silensa. Kama silensa yako ya asubuhi haina tofauti na ya mchana, mwoneshe fundi kifaa hicho.

Nozeli zipimwe kwenye mashine ukiwa umesimama hapohapo. Nzuri hutoa ukungu na mlio mkali. Mbovu inakojoa.

Ya kuacha

Dawa ya kupuliza kwenye filta ya hewa. Etha inalipuka mapema kuliko dizeli, na ikikutana na hita yenye moto inalipuka wakati pistoni bado inapanda. Ringi zinavunjika, pistoni zinapasuka. Baada ya hapo gari haliwaki bila hiyo dawa, na mtu anadhani dawa ndiyo nzuri.

Moto chini ya injini, au kitambaa kinachowaka kwenye mdomo wa hewa. Nimeona malori yakifanyiwa hivyo stendi. Sina la kuongeza.

Kusukuma gari lenye mkanda wa taiming mzee, hasa kwenye mteremko, gia ya pili, unaachia klachi ghafla. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Ipumzishe dakika moja.

Injini iliyochoka na mfuko mtupu

Shemeji yangu ana Mkonga uliopimwa ukaonekana umechoka silinda mbili, na pesa ya ovahoo hana. Tumeufungia hita mpya, betri kubwa, oili nyepesi, na anauegesha pua ikiangalia bondeni. Unawaka, kwa kulalamika. Wengine wenye magari ya namna hiyo huyateremsha pwani kuyauza, na kule yanawaka kwa mguso mmoja mbele ya mnunuzi.

Ndiyo maana ukienda Dar kununua dizeli ya kupandisha huku, kabla muuzaji hajagusa ufunguo, fungua boneti uweke kiganja kwenye hedi. Ukikuta ina uvuguvugu, mwambie utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na asiiwashe mpaka ufike.